Filamu ya fantasia baada ya siku ndefu kazini: mwongozo kamili wa kupumzika kweli

Watu watatu wamenieleza tatizo moja kwa njia tatu. Wa kwanza kila akiweka filamu jioni, dakika ya ishirini inamkuta usingizini, shingo imepinda. Wa pili huangalia mpaka saa saba usiku, na asubuhi anapanda teksi ya kwenda mjini macho yakimwasha. Wa tatu humaliza filamu yote, lakini ukimuuliza lile joka liliuawa vipi hana jibu, maana muda wote mkono mmoja ulikuwa ukijibu ujumbe wa bosi.

Wote watatu walikaa mbele ya filamu, na hakuna aliyepumzika.

Kazi yangu ni kufuatilia mizigo inayopanda kutoka Mombasa na kuingia Uganda kupitia Malaba na Busia. Kutwa nzima ni Kiswahili na madereva, na simu hainiachi. Kinachonitoa huko ni filamu za fantasia: mazimwi, majoka, falme zisizo kwenye ramani yoyote. Filamu ya polisi hunirudisha kwenye mabishano. Mpira hunipandisha mapigo ya moyo. Katika msitu ambao miti yake inazungumza hakuna kontena hata moja.

Lakini kupumzika huku kuna namna yake, na sehemu kubwa ya namna hiyo iko kabla filamu haijaanza. Hatua nne za kwanza ni kazi ya siku ya mapumziko. Nne zinazofuata ni za jioni yenyewe.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Skrini moja: runinga, laptop au simu kubwa. Simu itafaa ukiwa peke yako.
- Filamu ambayo tayari imo ndani ya kifaa au kwenye flashi.
- Spika ndogo au visikilizi vya masikioni.
- Taa moja yenye mwanga hafifu, ya betri au ya sola.
- Kitambaa laini, kikavu.
- Uniti za Yaka (umeme wa kulipia kabla) zinazotosha, na betri zilizojaa chaji.
- Kopo lenye kifuniko, au droo, la kuwekea simu.
- Karatasi na kalamu.
- Dawa ya mbu au chandarua, hasa ukikaa karibu na bonde.
- Saa mbili na nusu ambazo hujamwahidi mtu mwingine.

Hilo la mwisho ndilo linalopatikana kwa shida kuliko yote. Kama jioni ya leo haina saa mbili na nusu, usianze. Lala mapema, filamu itakungoja.

## Hatua ya 1: Chagua filamu siku ambayo hujachoka

Jioni nyingi hufia hapa. Mtu amefika nyumbani saa moja na nusu, ameketi, ameanza kupitia orodha ya filamu. Picha moja baada ya nyingine, anasoma maelezo, anarudi nyuma, anauliza kwenye kundi la WhatsApp. Saa tatu kasoro bado hajachagua. Kuchagua ni kazi, na akili iliyochagua mambo tangu asubuhi haina nguvu ya kuchagua tena.

Kwa hiyo fanya Jumapili mchana. Andika filamu tatu kwenye karatasi, kwa mfuatano, ubandike karibu na skrini. Jioni ya kazi hutachagua, utachukua tu iliyo juu.

Angalia kwanza urefu. Siku ya kazi mimi sivuki dakika 110. My Neighbor Totoro ya mwaka 1988 ina dakika 86, haina adui, hakuna anayepigwa. Ni watoto wawili, msitu, na kiumbe mkubwa mwenye manyoya. Kwa mtu aliyezongwa na maneno ya watu siku nzima sijui dawa bora kuliko hiyo. Kirikou et la Sorcière ya 1998 ina dakika 70 na kidogo. Imetungwa na Mfaransa Michel Ocelot, aliyekulia Guinea kwa sehemu ya utoto wake, na inatokea kwenye kijiji cha Afrika Magharibi: kitoto kidogo mno kinataka kujua kwa nini mchawi Karaba ni mkatili. Aliyekulia kwenye hadithi za sungura na fisi ataingia humo bila kubisha hodi. The Princess Bride ya 1987 ina dakika 98, na imejengwa juu ya babu anayemsomea mjukuu mgonjwa kitabu kitandani.

Kisha kuna zile ndefu. Spirited Away ya 2001 ina dakika 125, iache Ijumaa. The Return of the King ya 2003 ina dakika 201 katika toleo la sinema, yaani zaidi ya saa tatu. Hiyo ni ya Jumamosi mchana, na nyumba nzima iwe inajua.

Tahadhari. Neno fantasia halina maana ya upole. Pan's Labyrinth ya 2006 ina mtoto wa kike, vitabu na viumbe wa ajabu, lakini inatokea Hispania mwaka 1944, na ndani yake kuna ukatili wa kumtoa mtu usingizi. Ni filamu kubwa, ila si ya Jumanne usiku, wala si ya watoto. Soma maelezo ya umri kabla ya kuandika jina kwenye karatasi.

Na usione haya kurudia. Filamu uliyokwisha kuiona haikudai chochote. Unajua nani ataokoka, unakaa ukitazama mawingu na nguo za malkia. Kwa wiki zile mbaya mimi hurudia tu.

## Hatua ya 2: Pakua mapema, kisha jaribu

Usitegemee mtandao wa jioni. Saa mbili usiku mtaa mzima uko hewani, na kile kiduara kinachozunguka katikati ya skrini kinatosha kukurudisha ofisini.

Hesabu bando lako. Picha ya ubora wa kati hula kama GB 0.7 kwa saa, na ya HD kama GB 3 kwa saa. Filamu ya dakika 98 basi ni kama GB 1.2 kwa ubora wa kati, au karibu GB 5 kwa HD. Kwenye skrini ya simu au laptop ubora wa kati unatosha kabisa. Tofauti utaiona kwenye runinga kubwa. Na kwa kuwa bando letu linatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, sioni sababu ya kulipia picha ambayo jicho halitaiona.

Ukipakua ndani ya programu ya filamu, jua kwamba faili hilo hubaki humo humo; hulihamishi kwenye flashi. Kama unataka kutazama kwenye runinga, hakikisha mapema njia ya kuunganisha, iwe waya wa HDMI kutoka kwenye laptop au programu iliyo ndani ya runinga yenyewe.

Kama unatumia flashi, mambo mawili huwakwamisha watu. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo filamu kubwa itagoma kunakiliwa hata kama nafasi ipo tele. Ipange upya kwa exFAT, ukiwa umetoa vitu vyako kwanza, na uangalie kama runinga yako inausoma mfumo huo. Pili, runinga za zamani nyingi hazisomi picha iliyobanwa kwa H.265: utasikia sauti, kioo kiko cheusi. Dawa yake ni kutafuta toleo la H.264 au kucheza filamu kwenye laptop.

Kuhusu maduka yanayokujazia flashi kwa bei ndogo: filamu ni mali ya walioitengeneza, na Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inailinda. Mimi nimeacha. Na hata ukiiweka sheria pembeni, mafaili mengi ya namna hiyo hukatika kabla ya mwisho. Niliwahi kumfuata shujaa saa moja na nusu mpaka mlangoni kwa mfalme wa giza, kioo kikazima hapohapo. Usiku ule nililala vibaya kuliko kama nisingeangalia kitu.

Utajua umefanikiwa ukizima data kabisa, ukacheza sekunde thelathini za mwanzo, dakika moja ya katikati na dakika moja ya mwisho, na zote tatu zikaonyesha picha na sauti.

## Hatua ya 3: Amua lugha: manukuu, sauti iliyotafsiriwa, au VJ

Kwetu Uganda hili ni swali zito.

Kama siku nzima umesoma karatasi, manukuu ya chini ya skrini ni karatasi nyingine. Macho yatafuata maandishi, picha itapita juu yake. Fantasia ni picha kwanza: kasri, mbawa, taa zinazoelea. Kwa hiyo ukiipata filamu kwa lugha unayoisikia bila kufikiri, chagua sauti, acha maandishi. Totoro na Spirited Away, kwa mfano, ni za Kijapani lakini zina sauti rasmi ya Kiingereza.

Kuna na VJ. Aliyekulia kwenye kibanda cha video anajua utamu wake: mtu mmoja na kipaza sauti, anatafsiri kwa Kiganda, anaongeza ya kwake, anampa joka jina la mtaa wa Kampala. Majina kama VJ Jingo yanajulikana hata na wasiojua jina la mwigizaji hata mmoja. Nawaheshimu sana mafundi hawa. Wamewafungulia filamu watu ambao Kiingereza kingewafungia nje, na mama yangu mkubwa, ambaye hakupata shule, ameona falme zote za dunia kupitia sauti zao.

Lakini kwa jioni ya kupumzika nina maoni yangu. Sauti ya VJ hujaa kila pengo, na katika fantasia mapengo yana kazi: ule ukimya kabla mlango wa pango haujafunguka, muziki unaopanda taratibu mtu anapoona bahari mara ya kwanza. Kwa VJ utacheka, utachangamka, na hilo ni jema ukiwa na wenzako Jumamosi. Jumanne, ukiwa umesikia sauti za watu masaa kumi, utahitaji ule ukimya.

Kama manukuu hayaepukiki, yafanye makubwa, na rangi ya njano ikiwezekana, kwa sababu nyeupe hupotea kwenye theluji na mawinguni. Faili la manukuu lenye mwisho wa .srt lazima liwe na jina lilelile la faili la filamu, herufi kwa herufi, na vyote viwe kwenye folda moja. Kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu kwenye kompyuta, maandishi yakitangulia sauti bonyeza H kidogo kidogo. Yakichelewa bonyeza G. Kila mbofyo husogeza sehemu ya ishirini ya sekunde. Rekebisha Jumapili, usiache mpaka jioni.

## Hatua ya 4: Weka sawa skrini na chumba

Filamu za fantasia zina giza jingi: mapango, misitu, usiku wa mwezi mchanga. Ndiyo maana watu hulalamika kwamba hawaoni kitu, kisha wanapandisha mwanga wa skrini mpaka mwisho, na kichwa kinauma.

Anza na kitambaa. Futa kioo kikiwa kimezimwa, kikavu, bila sabuni. Vumbi jekundu la barabara zetu hukaa pale kama ukungu, na weusi wote hugeuka kijivu. Nilipofuta ya kwangu mara ya kwanza baada ya miezi, niliona kwamba yule mchawi alikuwa na pete tatu mkononi.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya picha. Toka kwenye ule mtindo mkali ambao runinga hutoka nao dukani, chagua mtindo wa sinema. Rangi zitaonekana za manjano kidogo dakika chache, kisha jicho litazoea na hutataka kurudi. Zima pia ule utaratibu wa kulainisha mwendo. Ndio unaofanya majoka yaonekane kama yamepigwa picha kwa simu harusini.

Taa kubwa ya dari izimwe. Weka ile taa ndogo nyuma ya skrini, imulike ukutani. Jicho likiwa na mwanga kidogo pembeni halichoki haraka kama likiwa kwenye giza tupu na kioo kinachong'aa. Kwa runinga ya inchi 32, kaa umbali wa mita moja na nusu hadi mbili.

Kaa, nimesema. Kitandani ni mahali pa kulala, na mwili unajua. Kiti chenye mgongo, au mkeka na mto ukutani, ndicho kinachotenganisha kutazama na kusinzia.

Sauti pia ina shida yake: watu wananong'ona, kisha vita vinaanza na nyumba inatikisika. Tafuta kwenye mipangilio mtindo wa usiku wa sauti, unaoinua minong'ono na kushusha mingurumo. Kama nyumba yenu ni mizigo, zile za mlango kwa mlango zenye ukuta mmoja na jirani, tumia visikilizi. Jirani naye ametoka kazini.

Utajua umefanikiwa ukicheza tukio la usiku na ukaona mipaka ya uso wa mtu bila kukunja macho, na ukasikia mnong'ono bila kuinuka kutafuta rimoti.

## Hatua ya 5: Funga kazi kabla hujavua viatu

Sasa ni jioni yenyewe, na hii ndiyo hatua ambayo wale watatu wote waliiruka.

Kazi haiishi saa kumi na moja. Inapanda nawe teksi, inakaa nawe kwenye jamu ya Jinja Road, inashuka nawe stendi. Ukiketi mbele ya filamu ukiwa bado umeibeba, utaona joka huku ukiwaza ankara. Usingizi wa dakika ya ishirini mara nyingi unatoka hapo: mwili umepewa kiti, akili haijaruhusiwa kuondoka, na njia pekee iliyobaki ni kuzimika.

Fanya hivi. Ukiwa bado mlangoni au kwenye ngazi, toa karatasi na uandike kila jambo linalokusumbua, kwa maneno machache, na wakati utakaolishughulikia. Yangu ya wiki iliyopita ilisomeka hivi: "Kontena mbili Malaba, moja karatasi zake hazijatoka. Mpigie dereva saa mbili asubuhi. Risiti ya mafuta iko mfuko wa kushoto." Basi. Kunja karatasi, iweke ndani ya kiatu utakachovaa kesho. Huwezi kutoka nyumbani bila kuikanyaga, kwa hiyo huna sababu ya kuikumbuka usiku kucha.

Kisha simu. Waambie mapema wanaostahili kujua. Mimi huwatumia madereva ujumbe mmoja: "Kaka, saa mbili na nusu hadi saa nne na nusu sipo hewani. Kukiwa na ajali piga mara tatu mfululizo." Simu nyingi zina mpangilio wa kumruhusu anayepiga tena na tena apite hata ukiwa umezima sauti. Iweke kwenye kopo, funika, peleka jikoni. Kuigeuza kifudifudi pembeni yako hakutoshi. Mkono utaifuata wenyewe.

Oga, hata kama ni maji ya beseni. Badili nguo zote.

Chakula kiwe chepesi, na kiliwe nusu saa kabla. Sahani ya matooke na nyama ukiibeba mpaka kwenye kiti utasinzia hata kama filamu ni ya vita vya majitu. Roleksi moja ya pale njiani, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, inatosha, na karanga kwenye bakuli baadaye. Kahawa na chai ya rangi ziache: nusu ya kafeini hubaki mwilini kama saa tano baada ya kunywa, na utakuwa umejinyima usingizi wa saa tano usiku. Maji ya tangawizi yenye asali yanafaa, na bushera baridi, kile kinywaji cha nafaka, pia.

Tahadhari. Kama jana ulilala chini ya saa tano, ishia hapa. Hiyo si hamu ya filamu, ni deni la usingizi, na deni hilo hulipwa kitandani.

## Hatua ya 6: Ingia kwenye hadithi

Zamani msimuliaji alisema "Hadithi, hadithi!" na hakuendelea mpaka wasikilizaji wajibu: "Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!" Pwani wakasema "Paukwa!" na watu wakaitika "Pakawa!" Jibu lile halikuwa pambo. Msikilizaji alikuwa anatoa ruhusa: najua ni uongo, uje, nimekubali. Bila ruhusa hiyo fisi haongei.

Filamu haikuulizi, kwa hiyo jiulize mwenyewe. Kabla ya kubonyeza, kaa dakika moja na skrini nyeusi. Vuta pumzi taratibu. Kama uko na watoto, waitishe, waitikie kwa sauti. Mimi nikiwa peke yangu husema pia, polepole.

Dakika kumi na tano za kwanza usisimamishe filamu kwa jambo lolote dogo. Hapo ndipo ulimwengu wake unapojengwa: nani ana uwezo gani, nini kimekatazwa, mlango uko wapi. Ukiikosa sehemu hiyo, kila kitu baadaye kitaonekana upuuzi, na mtu anayeona upuuzi hapumziki. Usijaribu kushika majina yote. Shika mambo matatu tu: huyu anataka nini, anaogopa nini, na uchawi wa humu una masharti gani. Majina yatakuja yenyewe.

Na usibishane na filamu. "Mbwa hawezi kuruka" ni sentensi ya mchana.

Utajua umefanikiwa ukigundua mabega yameshuka bila wewe kuyashusha, au ukasikia boda ikipita nje na usijue imepita mara ya ngapi.

## Hatua ya 7: Mambo yakiharibika katikati

*Umeme ukikatika.* Chomoa runinga kwanza, maana umeme unaporudi mara nyingi huja kwa kishindo, na kishindo ndicho kinachounguza. Ukirudi, subiri dakika chache taa zitulie ndipo uchomeke. Kama una laptop yenye chaji, endelea nayo. Ndiyo sababu nakushauri uwe na nakala humo. Kama huna, usikae gizani ukikasirika. Washa ile taa ya betri, mwambie uliye naye akisie mwisho, kila mmoja atunge wa kwake. Jioni mbili kati ya zile nzuri kabisa nilizopata mwaka jana ziliishia hivyo. Kuhusu Yaka, runinga ya LED ya inchi 32 hula kama wati 50, kwa hiyo uniti moja huiendesha karibu saa ishirini. Ni nadra filamu kukumalizia uniti; pasi na jiko la umeme ndivyo vya kuangalia.

*Usingizi ukija.* Simama, nyosha mgongo, nawa uso, rudi. Ukija mara ya pili kabla ya nusu saa kupita, andika dakika uliyofikia na ukalale. Usirudishe nyuma ukianza upya.

*Mgeni akibisha hodi.* Mkaribishe. Filamu inasimamishwa, shemeji hasimamishwi mlangoni. Mweleze hadithi kwa sentensi tatu, mpe kiti na karanga. Kusimulia kutakurudisha ndani haraka kuliko unavyodhani.

*Mawazo ya kazi yakirudi.* Yatarudi, hasa palipo na mazungumzo marefu. Yajibu kimoyomoyo: yamo kiatuni. Kama ni jambo jipya kabisa, liandike kwenye karatasi nyingine gizani hivyohivyo, bila kugusa simu.

## Hatua ya 8: Toka taratibu, ulale

Filamu iliyoanza saa mbili na nusu yenye dakika 98 inaisha saa nne na dakika nane. Yale majina yanayopanda mwishoni yaache yapande, na muziki wake. Ni ngazi ya kushukia. Ukikata ghafla na kuruka kwenye simu, saa mbili zote ulizojenga huanguka kwa ujumbe mmoja.

Zima kile kinachocheza filamu inayofuata chenyewe. Kizime mapema, Jumapili, kwenye mipangilio. Yule rafiki wa saa saba usiku hakuamua kukesha. Kila mara filamu nyingine ilianza kabla hajafikia rimoti.

Usiongeze mwanga mkali baada ya hapo. Mwanga mkali usiku huchelewesha ile homoni inayouambia mwili kwamba muda wa kulala umefika. Piga mswaki kwa taa ndogo. Kama uko na mtu, zungumzeni kidogo kuhusu mlichokiona: ungechagua mlango upi, lile zimwi lilikuwa na haki au halikuwa nayo. Kama uko peke yako, chagua picha moja iliyokugusa, uende nayo kitandani. Mimi juzi nilibeba basi lenye miguu ya paka likikimbia juu ya nyaya za umeme.

Funga chandarua. Simu ilale kwenye kopo lake mpaka asubuhi, na kama ndiyo kengele yako ya kuamkia, acha kifuniko wazi. Utaisikia kutoka jikoni, na itabidi uinuke kuifuata. Ukifika mlangoni na kuvaa kiatu, karatasi itakuwa inakungoja.